Pini Midomoni

Nilidhani ni mtihani wa kuingia shule.
Barua ilisema "upimaji",
na mimi fundi cherehani, kupima kwangu ni futi kamba:
kifua, kiuno, urefu wa mkono,
mtoto asimame wima, niandike, basi.

Kwa hiyo nilimfunza Mhina wiki nzima
chumbani kwetu, Barabara ya Kumi na Tisa,
taa katikati yetu.
Jina lako nani? Una miaka mingapi?
Rangi gani hii? Nikinyanyua mabaki ya vitambaa:
buluu ya sketi, kaki ya kaptula, nyeupe.
Akanikazia macho usoni, hapepesi,
akajibu. Yote akajibu.
Na kaptula yake nilikwisha kuishona,
nimeacha pindo la vidole vitatu, atarefuka.

Asubuhi tukaenda kwa miguu hadi Chumbageni.
Tanga baiskeli ni kunguru, haziombi njia,
nami tangu aanze kutembea namfunga mkono
kwa ncha ya kanga yangu, maana kengele
hazimshtui. Nilisema ukaidi.
Bibi yake akasema kachukua kiburi cha baba yake.
Jirani akasema mengine, ya usiku, siyarudii.

Mwalimu Namkunda alikuwa na fomu ya kurasa nne
na penseli iliyotafunwa kichwani.
Akauliza. Mhina akajibu.
Rangi, miaka, jina la mama, siku inayofuata Jumanne.
Kila alama ya vema ilinipanda puani kama soda.
Nikajiona niko Januari tayari,
namsindikiza mtu mwenye kaptula ya mistari ya pasi.

Halafu Mwalimu akaiinua ile fomu,
akaziba nayo mdomo,
akauliza nyuma ya karatasi, sauti ileile:
"Mhina, mama yako yuko wapi?"

Kimya.
Mtoto akaitazama karatasi.
Akangoja, kwa adabu,
kama mtu aliyefungiwa dirisha la posta.
"Mhina, nyoosha mkono."
Feni ikazunguka.

Nilisimama. Nikasema, umemtega mwanangu.
Nikasema na mengine, kanga ikanidondoka begani.
Akaniacha nimalize. Kisha, taratibu:
"Mama, ulimfunza vizuri mno.
Ningemuuliza ana kwa ana tu,
angerudi nyumbani na alama zote
na msaada asipate hata mmoja.
Haki yake iko huku, kwenye vilivyomshinda."

Sijapata kusikia hesabu ya namna hiyo,
upungukiwe ndipo upewe.
Na mimi miaka yote nilikuwa natia kiraka,
uzi wa rangi ileile, tundu lisionekane,
kumbe palipotoboka ndipo pa kupimia.

Bombo wakamvisha mashine masikioni.
La kulia, karibu hakuna kitu. La kushoto, nusu.

Wiki tatu baadaye tukakaa mezani kupanga.
Akae mstari wa mbele, dirisha mgongoni kwake,
mwanga umwangukie mwalimu usoni.
Mwalimu asiseme huku ameugeukia ubao.
Kifaa cha sikio: jina liko kwenye foleni.
Lugha ya alama, Jumanne na Alhamisi.
Mwalimu mkuu akakuna shingo:
"Na wenzake sabini na wawili?"
Hakuna aliyemjibu. Iliandikwa hivyohivyo.

Mstari wa mwisho ulikuwa mtupu: Nyumbani.
Hapo nikanyamaza mimi.
Miaka saba nazungumza na mtoto huyu
pini tano, sita, nimezibana midomoni,
namwita, namkemea, namwambia njoo ule,
na yeye anaona vichwa vya pini tu,
nami namhesabia ukaidi.

"Andika," nikasema,
"mama atatema pini."

Akaandika.
Mstari huo aliacha penseli, akaomba kalamu ya wino.